Utoto wa Misukosuko na Hasira za Ukubwani

Swali: Nililelewa katika nyumba ya ugomvi na vipigo. Sasa nina watoto wangu, lakini mlango ukibamizwa tu moyo hunienda mbio na ninaanza kufoka. Je, chanzo ni utotoni?

Jibu: Yawezekana sana, ingawa utoto pekee hauelezi kila kitu. Mtoto anapoishi kwa hofu ya kila siku bila mtu mzima wa kumtuliza, mwili wake humwaga homoni ya msongo iitwayo kotisoli mara kwa mara, na ubongo ambao bado unajengeka huzoea kusaka hatari hata pale isipokuwapo. Ndiyo maana kishindo cha mlango kinatosha kukushtua. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za madhila utotoni, ndivyo uwezekano wa sonona na ulevi ulivyoongezeka. Huo ni uwezekano tu, si hukumu, jambo ambalo wengi husahau. Tiba ya mazungumzo kwa mtaalamu wa saikolojia huwasaidia hata watu wazima. Kwa sasa, kila ukishafoka, mrudie mwanao umwombe radhi waziwazi, kwani wewe hukuwa na wa kukutuliza.