Maji ya Miguuni Yamegeuka Kahawia: Je, Ni Sumu?

*Ndugu wahariri, mama yangu ana kisukari. Kuna kituo mtaani kwetu ambako huweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi lenye mashine ya umeme. Baada ya nusu saa maji huwa ya kahawia, naye huambiwa hiyo ni sumu iliyotoka kwenye ini. Sasa anataka kupunguza dawa. – Msomaji, Dar es Salaam*

Hiyo ni kutu. Kifaa kinachozamishwa majini kina vipande vya chuma. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, chuma cha upande chanya huliwa, kikaingia majini na kuwa kutu. Mapovu ni haidrojeni, na ile harufu ya dawa ya madoa ni klorini kutoka kwenye chumvi. Chumvi ikiongezwa, rangi hukolea, kwa hiyo ile chati ya rangi wanayoonyeshwa wateja (rangi hii ni sumu ya ini, ile ni ya viungo) haisomi chochote mwilini.

Mwombeni mhudumu awashe mashine nusu saa bila miguu, kwa maji na chumvi kiasi kilekile, muone kama maji hayatageuka kahawia vilevile. Akikataa, jaribuni wenyewe: glasi ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, misumari miwili ya chuma isiyo na zinki, betri ya volti 9. Kila msumari uunganishwe kwa waya na ncha yake ya betri, na misumari isigusane. Umeme wa ukutani msiuguse kabisa. Fungueni dirisha, na maji yamwagwe baadaye. Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha tiba asilia mjini Toronto, Kanada, walipima maji ya beseni kama hilo, yenye miguu na yasiyo na miguu. Hawakuona dalili kwamba madini ya sumu yanatoka kupitia miguuni.

Mama hajadanganyika kwa ujinga. Ameona kwa macho yake, na kukaa nusu saa miguu ikiwa kwenye maji ya uvuguvugu kunaburudisha kweli. Isitoshe, watu huenda huko siku wamezidiwa na uchovu, na uchovu wa namna hiyo mara nyingi hupungua wenyewe. Sifa hupewa beseni kwa sababu tu ndilo lililokuwepo.

Dawa asipunguze bila daktari wake. Kama miguu ina ganzi, anaweza kuungua bila kujua: apime joto la maji kwa kiwiko, asiloweke muda mrefu, na akaushe vizuri katikati ya vidole. Akiona kidonda, hata kidogo, aende kliniki siku hiyohiyo.

*Na ile mashine ya kushika fimbo ya chuma, inayotoa majibu ya mwili mzima kwa dakika moja? – Msomaji, Mombasa*

Fimbo ile haiwezi kujua hali ya figo wala kongosho. Kabla ya kupimwa huulizwa umri, uzito na urefu; rudi siku nyingine utaje umri tofauti, kisha linganisha karatasi za majibu. Sukari hupimwa kwa damu: ukiwa hujala kwa saa 8, kipimo cha 7.0 mmol/L au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kutoa jibu hilohilo, ndicho kinachoonyesha kisukari.