Je, safu ya antena inaweza kuchukua nafasi ya dishi katika kituo cha kupokea data za setilaiti?

Swali: Tunapokea picha za Dunia kutoka setilaiti zilizo kimo cha kilomita 600 hivi, kwa dishi la mita 3 linalogeuzwa na mota. Setilaiti ikipita utosini, mawimbi hukatika; zikipita mbili kwa wakati mmoja, tunaikosa moja. Je, tukifunga safu bapa ya antena, yaani antena ndogo nyingi zilizopangwa pamoja zifanye kazi kama moja, matatizo hayo yataisha?

Jibu: Hayo mawili yataisha, lakini mtapata la tatu ambalo dishi halikuwa nalo.

Setilaiti ya kimo hicho huenda takriban kilomita 7.5 kwa sekunde. Ikifika digrii 88 juu ya upeo wa macho, mota inayozungusha dishi kuufuata upeo hutakiwa kwenda karibu digrii 20 kwa sekunde, kasi ambayo mota nyingi haziiwezi. Safu haina cha kuzungusha: mwale wake, yaani upande inakopokea kwa nguvu zaidi, huelekezwa kwa kuchelewesha kidogo mawimbi ya kila antena ndogo ili yajumlishwe yakiwa katika awamu moja, yaani vilele vyake vikilingana. Na kwa kuwa mawimbi yaliyokwisha kugeuzwa kuwa ya dijitali huweza kunakiliwa, hesabu mbili zikiendeshwa sambamba hutoa miale miwili, kila mmoja na setilaiti yake.

Ugumu uko karibu na upeo. Setilaiti iliyo digrii 10 tu juu yake huwa umbali wa kilomita 1,930 hivi, na nguvu inayofika hupungua kama mara 10 kuliko ilipokuwa utosini. Dishi huigeukia ikaikabili, ilhali safu iliyolazwa huitazama kwa ubavu, na eneo lake linalopokea hubaki takriban moja ya sita. Hasara hizo huzidishana, hivyo mwanzo na mwisho wa kila pito, ambazo ni dakika nyingi kuliko watu wanavyodhani, huweza kupotea. Dawa yake ni nyuso kadhaa zilizoinamishwa kila upande, na kila uso ni safu nyingine ya kununua.

Tena safu yenyewe si ndogo. Katika masafa ya megahezi 8,025 hadi 8,400, yanayotumika sana kushusha picha, antena ndogo huachana kwa milimita 18 hivi, yaani nusu ya urefu wa wimbi. Zikiachanishwa mno, huzuka mwale wa pili usiotakiwa. Kulifikia dishi lenu, hata kwa setilaiti ya utosini pekee, kunadai antena ndogo zaidi ya 10,000 pamoja na vikuza mawimbi vyake. Kisha kuna usawazishaji, ambao wauzaji huutaja kwa haraka: tofauti ya milimita 1 katika njia ya wimbi hewani ni takriban digrii 10 za awamu, na joto la mchana hubadilisha nyaya na vikuzaji, hivyo awamu za njia zote lazima zipimwe upya mara kwa mara kwa mawimbi ya chanzo kinachojulikana.

Kwa maoni yangu, tatizo la utosini likiwa ndilo pekee, ongezeni mhimili wa tatu wa kugeuzia dishi. Likiwa ni setilaiti mbili kupita pamoja mara chache, dishi la pili litatosha. Safu hulipa pale setilaiti nyingi zinapokuwa juu ya kituo kwa pamoja, siku baada ya siku. Kwa hiyo, kabla ya kuomba bei, chukueni ratiba ya mapito ya mwezi mzima mhesabu ni mangapi yanagongana, na kila mgongano unawakosesha data kiasi gani.