Tundika mifarishi yako mtaani kwanza

Mfarishi wangu wa kwanza kuonyeshwa hadharani, yaani blanketi la vipande vya vitambaa lenye pamba ndani, ulianguka kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeubana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, ndani ya ukumbi wa mtaa wetu hapa Walukuba, Jinja. Pamba ya ndani ni nzito. Kamba ililegea, vibanio vikaachia kimoja baada ya kingine, na kazi ya miezi minne ikalala sakafuni, muuza chapati akiniuliza kama ni mkeka wa kukalia.

Kwa hiyo kabla ya mengine: shona mfuko mrefu mgongoni mwa mfarishi, upande wa juu, upana wa sentimita 10 hivi, kutoka pembe hadi pembe, kisha upitishe fito ya mwanzi. Ushone kwa mkono, sindano ishike kitambaa cha nyuma na pamba tu, uzi usitokeze mbele. Fito ndiyo inayotundikwa, na uzito unagawanyika.

Kuna wanaosema kazi nzuri ipelekwe Kampala moja kwa moja. Mimi sikubaliani nao. Mgeni wa Kampala atakusifu kwa adabu, apige picha, aende zake. Jirani yako atageuza mfarishi upande wa nyuma, avute uzi, akuambie hapa ulichoka. Anayekupa vipande vya kitenge ni fundi cherehani wa barazani kwenu, naye anapoviona ukutani, wiki inayofuata anakuwekea vilivyo bora zaidi. (Vipya virowesheni kwenye maji moto pamoja na kitambaa cheupe kabla ya kushona. Rangi nyekundu ina tabia ya kuhamia kwa jirani.)

Nilipochoka na vitenge nikaanza kujaribu mambo. Magunia ya plastiki ya mchele yalinivutia kwa maandishi yake, lakini pasi iliyayeyusha na pasi yenyewe haikupona. Mashati ya mitumba ya pamba yalinikubali bila shida. Kilichonibadilisha ni lubugo, ile nguo ya Waganda ya magome ya mti wa mutuba.

Lubugo haifumwi, inapondwa kwa nyundo za mbao mpaka gome linatanuka, kisha jua linaipa rangi ile ya udongo. Kwa kuwa haina nyuzi za kufumuka, ukingo wake huachwa wazi bila kupindwa. Ila haisamehe: tundu la sindano halifungi, kwa hiyo usishone ili ufumue. Mishono iwe mirefu, maana mifupi inaichana kama karatasi ya stempu. Na usiifue, ikung'ute tu.

Niliunganisha lubugo na kitenge cha buluu, nikautundika mfarishi huo katikati ya ukumbi. Watu walisimama mbali. Bibi mmoja wa Kiganda ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hii tunazikia. Nani atajifunika nayo?"

Nilimwambia UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia nzima, na kwamba hata wafalme huivaa. Alinitazama kama mtu anayesomewa risiti. Kumbe yeye alizaliwa nyumbani kwa waponda lubugo. Mutuba ukishachunwa, baba yake aliufunga majani ya migomba shinani upone, uote gome jingine. Basi nilikuwa namfundisha nani?

Akaomba niushushe. Aliinua kona moja kuelekea dirishani, na mwanga ukaonyesha sehemu nyembamba ambazo mimi sikuziona mezani. Mojawapo niliikata katikati na kuishonea, na tayari ilikuwa imeanza kupasuka. "Iangalie kwenye mwanga kabla hujatia mkasi," akasema. "Na likitokea tobo, tia kiraka. Hata sisi tulitia."

Tangu siku hiyo lubugo yangu hupita dirishani kwanza, na mifarishi yake naiita ya ukutani. Nimeweka kikaratasi kinachosema hivyo, ili mtu asidhani namuuzia sanda ya kitandani.

Bibi hakununua ule. Alichagua wa kitenge, wa mjukuu wake, akakaa kwenye benchi nusu saa nzima akinipunguzia bei. Muuza chapati akawa upande wake.