Emoji za Mtu: Tazama Mazoea Yake, Usitazame Picha

Nasimamia grupu la WhatsApp la ukoo wetu: sisi wa Langoni hapa Lamu, wenzetu wa Shela, na walio Mombasa na Uarabuni. Tangu alfajiri ni salamu, dua, posa, tanzia na michango. Wadogo zangu huniuliza faraghani: huyu anayenitaka, mbona kila neno ni moyo? Na yule, mbona haweki chochote, ana kiburi? Mimi huwaambia emoji moja haisemi tabia ya mtu. Mazoea yake ndiyo yasemayo, hasa siku yanapobadilika.

Chukua 😂, ambayo kamusi za Oxford ziliiteua kuwa neno la mwaka 2015. Anayeiweka kila mwisho wa sentensi si lazima awe mcheshi. Wengi huiweka ili maneno yao yasionekane makali, na hiyo ni adabu. Vijana nao wakicheka huweka 😭, bibi akiiona anapiga simu kuuliza nani amefariki.

Ami yangu ni nahodha. Hujibu kila kitu kwa 👍, hata tanzia, na vijana humwona mkavu. Lakini boti ya jirani ilipozimika injini kwenye mkondo wa Mkanda, ami ndiye aliyetangulia kung'oa nanga. Kidole kile kwake ni kusema: nimesoma, nipo.

Binamu yangu hubeba mchanga na saruji kwa punda, maana vichochoro vyetu havipitishi gari. Tangu alipoipata emoji ya punda, iliyoidhinishwa mwaka 2022, haandiki meseji bila 🫏. Mtu wa bara atadhani anatukana. Kumbe anatangaza kazi yake! Na kwenye simu kuukuu hutokea kisanduku kitupu tu. Hapo utasoma tabia gani?

Viganja vya dua 🤲 na mwanamke mwenye mtandio 🧕 viliidhinishwa mwaka 2017. Kabla ya hapo wengi wetu tulitumia 🙏, na wapo wazee wanaoitumia mpaka leo. Tafadhali usimpime mtu dini kwa hilo.

Shangazi yangu ndiye aliyenifunza kutazama mazoea. Kila asubuhi hutuma sabalkheri na safu nzima ya mawaridi 🌹🌹🌹🌹. Kuna asubuhi likaja ua moja. Kesho yake vilevile, moja. Hakuandika neno la ugonjwa. Nikaenda kwake Mkomani, nikamkuta kajifunika shuka juu ya shuka, homa imempanda, chai kando ya kitanda imepoa haijaguswa. "Sikutaka kuwasumbua, mwanangu." Ndivyo alivyo, atakuuliza hali yako na yake asiitaje. Watu wa namna hii wapo katika kila ukoo, na lile ua lililopungua ndilo utakaloliona kwanza. Likipungua, usimjibu kwa ua. Nenda, au piga simu.

Wewe uliyeniuliza kuhusu mioyo, usiihesabu. Angalia anajibu nini ukimwandikia jambo zito, kama vile mama yako anaumwa. Akitupa ❤️ kisha akaendelea na habari zake, usiharakishe kuwaita wazee. Akipiga simu kuuliza mama amelala vipi, mpe nafasi, hata kama hajawahi kukutumia waridi.