Nani anamweza nani? Kasi, wepesi na nguvu za mashujaa wa kubuni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu hubishana sana juu ya mashujaa wa katuni, nani ana kasi na nani ana nguvu. Niliandika, "Flash ni kasi kuliko Superman, lakini Superman ni nguvu zaidi." Rafiki yangu akasema hicho si Kiswahili. Yeye naye akaandika kwamba nguvu za Goku zilipanda "mara nne zaidi", tukashindwa kukubaliana ni kiasi gani. Tusemeje?

JIBU: Marahaba. Kwa sentensi yako, rafiki yako amesema kweli. Kasi na nguvu ni nomino, na mtu hawi kasi wala hawi nguvu, huwa nazo. Flash ana kasi kuliko Superman. Superman ana nguvu zaidi, au Superman amemzidi Flash kwa nguvu. Ukitaka kivumishi, kipo: mwepesi, hodari, imara. Lakini angalia, ukisema "Flash ni mwepesi kuliko Superman" hujarekebisha sarufi tu, umebadilisha na hoja.

Hapo ndipo mabishano mengi ya aina hii yanapokwama. Kasi ni kiwango cha mwendo: umbali fulani kwa muda fulani. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde, mwanga kwa takriban kilometa 300,000 kwa sekunde. Kitu chochote kinachosogea kina kasi, hata jani linaloelea mtoni. Mbio ni za miguu. Anayekimbia sana tunasema ana mbio, na ndege arukaye angani hatumsifu kwa mbio. Wepesi ni wa mwili na wa fahamu: kugeuka, kukwepa, kuitikia jambo kufumba na kufumbua. Upesi na haraka vinahusu muda wa kumaliza shughuli, na haraka mara nyingi ina harufu ya pupa. Mtu anaweza kufanya jambo kwa haraka bila kuwa na mbio wala wepesi wowote.

Tofauti hizi zinapimika hata kwa binadamu. Katika fainali ya mita 100 mjini Berlin mwaka 2009, Usain Bolt alikimbia kwa sekunde 9.58, rekodi ya dunia. Asafa Powell alimaliza wa tatu kwa sekunde 9.84. Lakini mlio wa kuanzia ulipolia, Powell aliuitikia kwa sekunde 0.134 na Bolt kwa 0.146. Pale kwenye vianzio Powell alikuwa mwepesi zaidi. Njiani Bolt alikuwa na mbio zaidi. Mtu akikuuliza nani kati yao alikuwa "fasta", lazima umrudishie swali: fasta wa nini?

Sasa rudi kwa mashujaa wako. Mwaka 1967, katika toleo la 199 la jarida la Superman, yeye na Flash walishindanishwa kuizunguka dunia, wakamaliza sare. Yale yalikuwa mashindano ya mbio, na kwa mbio tu ndiyo tunaweza kuyatumia kama ushahidi. Hayatuambii lolote juu ya Superman akiwa angani, wala juu ya nani angekwepa ngumi ya mwenzake. Anayechukua tukio la mbio akalifanya hoja ya wepesi amehamisha mada bila kuaga, na msikilizaji makini atamkamata kwenye neno lenyewe.

Nguvu ina matata zaidi, kwa sababu neno hili limebeba mengi. Tuna nguvu za mwili, nguvu za umeme, nguvu za uchawi, nguvu ya sheria. Darasani, somo la sayansi limelipunguzia mzigo: kani ni kile kinachosukuma au kuvuta, nishati ni kile kinachowezesha kazi kufanyika. Katika hadithi za ajabu napendekeza mtumie maneno matatu. Nguvu ibaki kwa kubeba, kupiga na kuhimili. Uwezo utumike kwa kipaji cha pekee, kama kuruka, kusoma mawazo au kupita ukutani. Kwa hiyo shujaa mmoja anaweza kuwa na uwezo mwingi na nguvu kidogo. Mamlaka ni ya yule anayetiiwa: mfalme wa majini anaweza kuwa mzee dhaifu, na amri yake ikatikisa jeshi zima. Mabavu sishauri kuyatumia kama sifa tupu, kwani yanaelekea kwenye kuonea.

Kuhusu "mara nne zaidi", kosa si lako wala la rafiki yako peke yenu, hata magazeti hulifanya. Chukua Dragon Ball, katuni ya Kijapani ambamo Goku ndiye shujaa. Katika Kijapani cha asili, mpinzani wake Vegeta anaposoma kipimo cha nguvu za Goku anasema kimepita 8000; katika tafsiri ya Kiingereza iliyosambaa zaidi ikawa 9000. Tushike 8000 kwa hesabu rahisi. Katika pambano hilohilo Goku anatumia mbinu ya Kaio-ken, ambayo huzidisha nguvu zake, hadi mara nne. "Mara nne ya 8000" ni 32,000, hakuna ubishi. "Mara nne zaidi ya 8000" mmoja ataisoma 32,000, mwingine atachukua 8000 akaongeza juu yake 32,000 akapata 40,000, na wote wawili wana hoja. Basi mara iandamane na "ya" au "za" peke yake: nguvu zake ni mara nne za awali. "Zaidi ya" iachieni kazi yake halali, yaani kupita kiasi fulani. Na kumbukeni kwamba "zaidi ya 8000" haiingizi 8000 yenyewe. Mkitaka kuiingiza semeni "kuanzia 8000" au "si chini ya 8000".

Kuna jambo moja hamkuliuliza, nami nalithamini kuliko yote hayo. Kiswahili kina njia yake ya kupima ubabe ambayo haihitaji tarakimu: kitenzi kuweza kikibeba mtu. "Flash anakimbia, lakini Superman anamweza?" "Wale wote hawamwezi." Hapa huulizi ana kiasi gani, unauliza wakikutana nani atatawala. Ndugu zake ni hana ubavu wa kumkabili, hafui dafu mbele yake, hamfikii. Hizi ndizo zinazofaa pale mnapobishana juu ya pambano, kwa sababu mwenye nguvu ndogo anaweza kumweza mwenye nguvu nyingi akijua pa kumshika.

Simulizi za pwani zinalijua hilo vizuri. Fumo Liyongo, kama alivyosimuliwa katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913, hapimwi kwa ratili. Anapimwa kwa hofu ya watu na kwa kushindwa kwa kila hila dhidi yake, mpaka mwanawe mwenyewe anapotumwa kumchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Hata baada ya hapo anakwenda kisimani, anapiga goti na upinde wake, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji, wasijue kwamba ameshakufa. Kwa silaha nyingine zote Liyongo alikuwa haweziki, na umbo hilo, haweziki, mlitumie bila woga. Linakubali na sharti nyuma yake: haweziki kwa ngumi, haweziki usiku, haweziki ila kwa shaba. Kwa Superman mtasema haweziki ila kwa kriptonaiti, lile jiwe linalomnyong'onyesha, na hapo aliye upande wa Flash atajua la kutafuta.