Changarawe peke yake haitoshi kurudisha samoni chini ya bwawa

Umeuliza kama kumwaga changarawe chini ya bwawa la umeme kutawarudisha samaki aina ya samoni kutaga. Kunasaidia, maana ukuta wa bwawa huzuia mawe yanayoshuka na mto, na sakafu ya mto inabaki miamba mitupu. Lakini usilete kokoto za kupondwa. Tafuta mawe ya mviringo ya mtoni, mengi yawe kati ya milimita 10 na 100, yaliyooshwa. Mchanga na tope vikizidi, maji hayapenyi na mayai hukosa oksijeni. Tandaza unene wa sentimita 50 hivi pale kidimbwi kinapoishia na maji yanapoanza kukimbia, ndipo jike huchimba.

Mafuriko yatayasomba mawe hayo, na ni sawa tu, ndiyo kazi ya mto. Panga bajeti ya kuongeza mengine.

Kinachoharibu zaidi ni mitambo. Waendeshaji wa bwawa wakizima tabo (mashine zinazozungushwa na maji kuzalisha umeme) ghafla, maji hushuka, mayai hukauka na vifaranga hukwama ukingoni. Kabla ya kununua lori moja la mawe, dai kwao kiwango cha chini cha maji kisichopunguzwa msimu wote wa mayai, na ushukaji wa polepole, sentimita chache kwa saa.