Jibu kuhusu kodi ya jengo kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla, Tanzania)

Ndugu yangu, hasira yako naielewa, ila umemkamata asiyehusika. Unasema halmashauri inatafuna hela ya kodi ya jengo tunayokatwa kwenye LUKU huku barabara ya mtaa ikiwa mashimo matupu. Tangu 2021 hiyo kodi inakatwa kupitia umeme, ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda hadi 1,500. Inakatwa huko huko kwenye umeme, haikusanywi na mkurugenzi wako wa halmashauri. Na barabara za mtaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, toka 2017, kwa hiyo diwani ukimfokea atakusikiliza tu kwa adabu.

(Kama umepanga na token unanunua wewe, mkumbushe mwenye nyumba akupunguzie kwenye kodi ya pango. Deni ni lake. Wengi wanaona aibu kusema.)

Halmashauri uibane kwenye mapato yake ya ndani: ushuru wa soko, leseni za biashara, ushuru wa huduma. Hapo ndipo inatoka ile asilimia 10 ya mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 (ikarudishwa 2024) baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine havionekani. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nenda, dai wasome mapato na matumizi. Mimi wa kwetu mara ya mwisho tulikuwa watu kumi na tano, na wawili walikuja kuuza karanga.